Volti Arobaini na Nane

Mashine ya Babu ilikuwa inalia nilipofika. Ilikuwa inalia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, pii, pii, pii, bila kupumzika. Nilikuwa nimeacha kazi ya umeme kwenye nyumba ya watu, taa zikining'inia darini, kwa sababu Shangazi alinipigia simu akasema neno moja tu, "Njoo," akakata. Na Shangazi si mtu wa neno moja.

Nilimkuta kwenye mlango wa chumba cha uani, unga umempanda mpaka viwikoni.

"Injinia wa koleo umefika?" alisema, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. "Ingia umwone baba yangu."

Babu alikuwa ameegemea mito mitatu kitandani, mirija ya plastiki puani, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya blanketi lililokunjwa. Alikuwa karani wa mizani ya malori kwa miaka thelathini na mmoja, na kila lori lilimwachia vumbi lake kifuani. Miezi mitatu nyuma hospitali ilimruhusu arudi nyumbani kwa sharti moja, kwamba asitenganishwe na ile mashine, kidude chenye ukubwa wa begi la safari, kinachovuta hewa ya chumbani na kumpulizia oksijeni. Halafu wiki tatu nyuma alianguka, nyonga ikavunjika, wakamtia vyuma. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili: hapumui bila mashine, na habebeki bila wanaume wanne na ubao. Mchana ule nyumbani tulikuwa mimi na Shangazi. Majirani wote walikuwa kazini.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mume mwenzangu." Akavuta pumzi, kisha akainyooshea kidole mashine. "Bibi harusi wetu huyu... analia tangu saa nne. Umemfanya nini?"

"Mimi? Mimi nimemfanya nini tena?"

Kati ya soketi ya ukutani na mashine kilining'inia kisanduku kidogo tulichokiita kinga. Kilikuwa na namba nyekundu usoni, volti juu, ampia chini. Fundi wa hospitali alitueleza habari yake siku ya kwanza. Volti zikishuka chini ya mia mbili, mashine inaanza kulia. Zikishuka chini ya mia na themanini na tano, kinga inakata umeme ili mashine isije ikaungua, na hapo Babu anabaki na mtungi mdogo wa oksijeni uliosimama pembeni ya kitanda. Mtungi mkubwa ulikuwa umepelekwa kujazwa, ungerudi jioni.

Namba za kinga zilisoma 192.

"Kampuni ya umeme," nilisema papo hapo. "Hawana haya wale. Wanatuuzia uji badala ya umeme."

Babu aligusa daftari lililokuwa juu ya blanketi. Nililifahamu. Kila asubuhi saa moja, kabla hata ya kunywa chai, alinakili namba za kinga: tarehe, volti, ampia, sababu. Mtu aliyepima malori miaka thelathini na mmoja hawezi kukaa na namba ukutani asiiandike. Mwanzoni zilikuwa 238, 238, 237. Siku zilipofika 235 alinionyesha, nami bila kuinua macho kwenye kikombe nikamwambia, "Andika kampuni, Babu." Akaandika. Tangu siku hiyo safu nzima ya sababu ilikuwa kampuni, kampuni, kampuni, na namba zinateremka kando yake taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Ya asubuhi hiyo ilikuwa 227.

"Na oveni yangu imekufa," Shangazi alisema nyuma yangu. "Tangu saa nne mikate imo ndani, myeupe kama macho ya samaki. Hiyo nayo ni kampuni?"

Oveni ilikuja juzi. Aliiweka kwenye jiko la uani, mlango wa pili kutoka kwa Babu, ili awe anaoka huku anamsikia baba yake akikohoa. Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kuoka kwa dhati.

"Oveni kwanza," nilisema. "Tujue mchawi ni nani."

Kanuni zenyewe ni mbili, na nilizipenda tangu siku nilipozijua. Volti ni msukumo, ampia ni mtiririko. Ukigawanya msukumo kwa mtiririko unapata omu, yaani jinsi njia inavyokataa kupitwa. Ukizidisha unapata wati, yaani kazi inayofanyika, au moto unaowaka. Nilijifunza mwenyewe, bila darasa, kwenye kitabu kisicho na jalada, na nilikuwa nikitembea mtaani nikijiona mimi ndiye niliyeutuma umeme wenyewe.

Kibao cha nyuma ya oveni kiliandikwa volti 240, wati 1200. Hesabu yake naifanya kichwani: mia mbili arobaini mara mia mbili arobaini, gawanya kwa elfu moja na mia mbili, omu arobaini na nane. Nikatoa kipimo changu, nikaubana waya wa oveni. Ampia nne kamili. Volti 192. Gawanya: omu arobaini na nane.

"Oveni yako nzima, Shangazi! Haina hata kikohozi. Inapewa kidogo, inatoa kidogo. Mia tisini na mbili mara nne ni wati mia saba sitini na nane. Unaoka kwa oveni ya theluthi mbili."

"Theluthi nyingine iko wapi?"

"Kampuni."

Kupitia ukutani nilisikia sauti ya Babu, nyembamba, iliyokatika katika vipande. "Umepima... mlangoni?"

Alimaanisha nyumba kubwa, upande wa barabara, kwenye mita ya umeme. Huko ndiko umeme unakoingia kwetu kabla haujaja uani. Sikuwa nimepima. Nilikuwa nimeshamhukumu mtu bila kumwita shahidi. Nikavuka uani, hatua thelathini na tano kwa miguu yangu, nikiwa na hasira ya mtu anayeenda kuthibitisha kwamba hakukosea. Nikafungua kifuniko, nikagusisha ncha mbili za kipimo.

240.

Nikatoa ncha, nikazirudisha. 240, imesimama kama askari. Kampuni ilikuwa imeleta kila kitu ilichoahidi.

Nikaanza hesabu upya. Volti mia mbili arobaini zinaondoka hapa. Mia tisini na mbili zinafika kule. Arobaini na nane zinapotea njiani. Na umeme haupotei kama pete, umeme ukipotea unapotelea kwenye joto. Oveni inavuta ampia nne, mashine ya Babu moja na nusu, jumla tano na nusu. Arobaini na nane mara tano na nusu: wati mia mbili sitini na nne. Taa mbili kubwa na nusu zilikuwa zimewashwa mahali pasipo na taa, ndani ya dari au ndani ya ukuta, tangu saa nne asubuhi.

Nilirudi nikikimbia.

"Zima oveni!"

"Mikate yangu..."

"Shangazi, zima!"

Akazima. Mashine ikanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mtamu hata Babu akafumba macho. Kinga ikasoma 216. Shangazi akashusha mabega na kuanza kufuta unga mikononi. Mimi sikushusha kitu. Asubuhi saa moja, oveni ikiwa imezimwa hivihivi, Babu aliandika 227. Mzigo ule ule, mashine peke yake. Kwa nini sasa 216?

Nikachukua kalamu ya Babu, nikaandika pembeni mwa daftari lake. Asubuhi volti kumi na tatu zilizopotea, gawanya kwa ampia moja na nusu: omu nane na ushee. Sasa ishirini na nne gawanya kwa moja na nusu: omu kumi na sita. Nikainua macho. Kinga ilisoma 204. Thelathini na sita gawanya kwa moja na nusu.

"Ishirini na nne," nilisema kwa sauti.

"Ishirini na nne nini?" Shangazi aliuliza.

"Omu. Zilikuwa nane asubuhi. Kuna mahali njia inajifunga. Inaungua, ikiungua inabana, ikibana inaungua zaidi."

"Wapi?"

Sikutaka kujibu, kwa sababu nilishajua. Kutoka nyumba kubwa hadi uani kulikuwa na waya mmoja wa zamani, wa alumini, uliowekwa kabla sijazaliwa kwa ajili ya taa moja ya nje. Mashine ya Babu ilipokuja, mimi ndiye niliyeingiza umeme chumbani humu na jikoni. Nilichukua waya mpya wa shaba, nikaupandisha juu ya dari, nikauunga na ule wa alumini. Niliusokota kwa koleo, nikauzungushia tepu nyeusi, nikashuka. Katika njia nzima kulikuwa na kiungo kimoja tu, nacho kilikuwa cha mkono wangu.

Fundi aliyenianzisha kazi, Mzee Bisibisi, alinionya zamani. "Shaba na alumini ni mke na mume wasioivana," alisema. "Ukiwalaza kitanda kimoja bila msuluhishi watachomeana nyumba." Msuluhishi kwake ilikuwa konekta, kidude kinachobana ncha za waya kwa skrubu. Nilimcheka. Nilimwambia hesabu ya waya haina mke wala mume. Mwezi ule ule nikamwacha, nikaanza kazi zangu. Na siku niliyoshuka kutoka kwenye dari hii, nilimwambia Babu: "Kiungo changu hiki hakifunguki mpaka kiama."

Sasa nilitazama juu. Juu ya kabati, palipokuwa peupe wakati wote, ubao wa dari ulikuwa na doa la kahawia, mviringo, ukubwa wa sahani. Nikanusa. Si unga uliokuwa unanukia chumbani humo.

Mashine ikaanza kulia tena. 198.

"Babu," nilisema, "inabidi nizime umeme wote wa huku. Juu kunaungua. Na wewe una oksijeni puani. Cheche ikidondoka hapa..."

Sikumaliza. Oksijeni haiungui yenyewe, lakini moto ukiipata unakuwa mwehu.

Babu alitazama doa, akanitazama mimi. "Mtungi... una kiasi gani?"

Shangazi aliinama kwenye saa ya mtungi. Sindano ilikuwa imeshaingia kwenye sehemu nyekundu. "Dakika ishirini," alisema. "Ukikaa kimya, Baba. Ukianza hadithi zako, kumi na tano."

"Basi nyamazeni... nyinyi."

Shangazi akahamisha mirija kutoka kwenye mashine hadi kwenye mtungi, akafungua. Mtungi ukatoa sauti yake ya nyoka. Kwenye kidole cha Babu kulikuwa na kile kibano kinachosoma oksijeni ya damu: 93. Hospitali walisema isishuke chini ya 88. Nikakimbia nyumba kubwa, nikaangusha swichi ya uani. Niliporudi mashine ilikuwa kimya, namba nyekundu za kinga zimezimika, na doa la dari lilikuwa linatoa uzi wa moshi.

Kukata umeme hakukuzima kilichokwisha kuwaka. Nilisukuma kabati pembeni, nikapanda meza, Shangazi akanirushia taulo alilolichovya kwenye ndoo. Nikatia bisibisi kwenye ukingo wa ubao, nikavuta. Ubao uliungulia upande wa juu, ulivunjika mikononi mwangu kama mkate mkavu, na makaa mekundu yakaonekana yakitembea kwenye kingo zake. Nikaufunga wote ndani ya taulo, nikauminya kifuani, nikaruka chini na kutoka nao mpaka uani. Kifua kiliniuma kwa joto. Nikarudi na taulo jingine, nikafuta kila nilichokiona kinang'aa kule juu.

Na kiungo changu nikakiona. Tepu ilikuwa imeyeyuka ikadondoka kama nta. Alumini ilikuwa na unga wa kijivu, shaba imekuwa nyeusi, na kati yao palikuwa na nafasi ambayo ukucha ungepita.

"Dakika sita zimekwenda," Shangazi alisema. Nilimshukuru kwa kutosema lingine.

"Nahitaji waya kutoka soketi ya sebuleni mpaka hapa. Hatua thelathini na tano."

"Ule waya wa televisheni?"

"Ule unafika mlangoni tu, Shangazi."

Nilimwaga begi langu sakafuni. Nilikuwa na vipande viwili vya waya wa taa, ule wa kusokotana. Kimoja mita ishirini na mbili, kingine tisa. Vilitosha, lakini vilikuwa viwili, na ili viwe kimoja ilibidi niviunge.

Shangazi aliokota ncha ya mmoja. "Huu? Mwembamba kama uzi wa kushonea gunia. Ule mnene umeungua, huu ndio hautaungua?"

"Si unene ulioungua. Kilichoungua ni kiungo."

"Wewe ndiye uliyesema ule ungekaa mpaka kiama."

"Nilisema. Sasa sisemi, nahesabu. Tazama." Nikasokotanisha ncha za upande mmoja wa kila kipande, nikapima upande wa pili, kimoja kimoja, nikajumlisha. "Omu moja nukta sita, kwenda na kurudi. Mashine inavuta ampia moja na nusu. Zidisha: volti mbili nukta nne tu zitapotea. Mara moja na nusu tena, wati tatu na ushee, zimesambaa mita thelathini na moja. Hata mende hatapata joto."

"Na kiungo?"

Hilo ndilo lilikuwa swali.

"Oveni yako ina konekta kwa nyuma," nilisema. "Ya kauri, ya skrubu. Naitaka."

Alinitazama nusu sekunde. Kisha akaenda mwenyewe, akaigeuza oveni kifudifudi na mikate yake ndani, ikasikika ikigongana. "Ng'oa," alisema. "Leo tutakula biskuti za mawe."

Skrubu za konekta zilikuwa ngumu, kiwanda hakikufikiria mtu mwenye haraka. Ya kwanza ikatoka. Ya pili bisibisi ikateleza, ikanichana kidole gumba. Ya tatu, ya nne. Kutoka chumbani Shangazi aliita: "Dakika kumi na moja. Tisini na mbili." Namba ya pili ilikuwa ya kidole cha Babu.

Nilimenya ncha za waya mpaka shaba ikang'aa. Nikazitia kwenye konekta, nikakaza. Nikavuta kila mmoja kwa nguvu. Wa tatu ukachomoka mkononi mwangu.

Nilibaki nimeushika. Mzee Bisibisi alikuwa na desturi ya kuvuta kila waya mara tatu baada ya kuukaza, nami nilikuwa nikimwita mpiga kengele. Kama nisingevuta ningeuacha hivyo, ningekimbia na kuwasha. Nikamenya upya, nikakunja ncha mara mbili ili skrubu ipate nyama ya kuuma, nikakaza. Nikavuta mara tatu. Kisha wote wanne, mara tatu tatu.

"Kumi na nne!"

Nikafungua soketi ya chumba cha Babu, nikang'oa waya wangu wa zamani, nikafunga huu. Nikautandaza uani chini ya kamba ya nguo, Shangazi akafuata nyuma akiupitisha mbali na maji ya ndoo. Plagi niliikata kwenye pasi yake bila kuomba ruhusa, nikaifunga upande wa sebuleni.

"Kumi na nane," alisema Shangazi kutoka mlango wa uani, na safari hii sauti yake ilipanda. "Sindano imelala. Tisini."

Nikachomeka. Sikukimbilia kwa Babu. Nilitaka sana kukimbia, lakini nilisimama kwanza kwenye konekta katikati ya uani, nikapiga magoti, nikagusisha ncha za kipimo upande huu na upande ule wa kila skrubu, huku Shangazi amewasha mashine. Mtu akiniona angesema nimepata wazimu, babu yake anakata roho naye anapima waya. Kipimo kilisoma sifuri nukta sifuri mbili, waya wa kwanza. Wa pili, vilevile. Nikaishika konekta kwa kiganja. Ya baridi.

Kiungo kizima hakili kitu.

Chumbani mashine ilikuwa inanguruma. Kinga ilisoma 237. Lakini taa ya mashine ilikuwa ya njano, siyo ya kijani. Inapoamka huhitaji dakika kadhaa kabla haijatoa oksijeni ya kutosha, na mtungi ulikuwa umenyamaza. Nyoka alikuwa ameondoka. Shangazi alisharudisha mirija kwenye mashine, akawa amemshika baba yake mkono wenye kibano, anasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza.

88.

Babu alikuwa amefungua mdomo. Kila pumzi aliipandisha kama mtu anayevuta ndoo kwenye kisima kirefu.

87.

"Baba, nitazame mimi," Shangazi alisema. "Taratibu. Puani. Vuta puani."

86. Taa ya njano. Nilitazama kinga: 237, ampia moja na nusu. Nilizidisha kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Wati mia tatu hamsini na tano. Zote zilikuwa zinafika. Kila wati iliyotoka sebuleni, isipokuwa tatu na ushee, ilikuwa hapa, ndani ya kidude hiki, inamfanyia kazi Babu. Hesabu ilikuwa sawa. Hesabu haikuibadilisha taa, nilikaa sakafuni nikingoja.

85. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

85.

Kisha taa ikawa ya kijani. Haikulia, haikutangaza, ilibadilika tu. Shangazi aliiona kabla yangu, akanifinya bega hadi nikasikia kucha zake.

86. Ikakaa hapo muda mrefu kuliko ninavyoweza kusimulia. 88. Babu akafunga mdomo. 90. Akafumba macho, nami nikashtuka, lakini kifua kilikuwa kinapanda na kushuka bila kupigana. 92.

Shangazi akaketi ukingoni mwa kitanda, akajifuta uso kwa mikono ya unga, akabaki mweupe kama mikate yake. Hakuna aliyemcheka.

Ilipita nusu saa kabla Babu hajanyoosha mkono kutafuta daftari. Nikampa. Akataka na kalamu, ilikuwa bado imenasa nyuma ya sikio langu. Alifungua ukurasa, akatafuta safu ya sababu, akachora mstari mmoja juu ya neno kampuni la asubuhi ile. Akapanda juu yake, la jana. La juzi. Alikuwa anafuta polepole, kwa mstari ulionyooka kama wa rula, na kila ukurasa aliugeuza kwa kulamba kidole. Wiki nzima. Mwezi. Nilisimama pale kama dereva aliyekamatwa na mzigo uliozidi.

Alipofika kwenye 235 akaacha.

"Madereva," alisema. "Kila lori likizidi... mizani mbovu. Kila siku... mizani mbovu." Akapumua. "Nilikuwa nawashusha, nawaambia: njoo uisome... sindano mwenyewe."

Akanipa kalamu.

Nikaandika mbele ya 235: Kiungo. Nikamrudishia. Hakupokea.

"Cha nani?"

Shangazi alijifanya anakunja taulo. Ubao wa dari ulikuwa haupo, na kupitia shimo lile waya wangu mweusi ulining'inia juu yetu, kila mtu akiuona. Nikaandika neno la pili: Changu. Kisha Babu akaniashiria kurasa zote zilizobaki, mstari kwa mstari, mpaka wa leo, nami nikaandika yote, hakuniruhusu kutia alama za vilevile.

Nilipomaliza aliweka tarehe upya chini kabisa. "Volti?"

"Mia mbili thelathini na saba."

"Ampia?"

"Moja na nusu."

"Sababu?"

"Hakuna sababu, Babu. Iko sawa."

Akaacha nafasi ile wazi.

Nilitoka uani. Waya mwembamba ulikuwa umelala kwenye jua, na ulikuwa wa dharura, siyo wa kukaa. Kabla ya usiku ilibidi njia nzima ifumuliwe na kupigwa upya, na sikutaka mkono wangu uwe peke yake. Nikatafuta namba ambayo sikuwa nimeipiga kwa miaka miwili. Iliita mara nne.

"Shikamoo, Mzee Bisibisi."

Sauti ilikuwa ile ile, yenye kutu. "Marahaba. Umeunguza nini?"

Nikamweleza tangu mwanzo, namba kwa namba.